Mvushaji Niliyemzamisha kwa Maiki

Nimewahi kumpa Nuhu sauti ya shemeji yangu. Shemeji ni seremala pale Mikindani, mtu wa kulalamika tangu anapoamka, na nilipomwona yule mzee wa kwenye filamu akipiga randa mbao za safina, sauti ikanitoka yenyewe: "Jamani, nani kachukua misumari yangu?" Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mke wangu Zuhura alipopata habari hakucheka. Alisema manabii hawaigizwi, na kwamba mtu aliyesoma chuoni kwa maalimu miaka yote ile hakupaswa kuambiwa jambo hilo. Alisema kweli, lakini siku zile nilikuwa sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Ninyi vijana mnaoingiza sauti kwenye filamu kwa simu zenu mmeniomba siri za kazi. Nawapa kwa moyo mkunjufu, maana kazi hii naipenda mpaka leo. Nikipita mahali nikasikia mtu anatafsiri filamu, miguu inasimama yenyewe na mate yananijaa mdomoni. Mimi ndiye Hamisi, niliyeitwa Radi, na kibanda changu kilikuwa Mtawanya, mabati juu, makuti ubavuni, kitambaa cheusi mlangoni ili jua la mchana lisiingie kwenye televisheni. Watu walikiita kibanda umiza kama vibanda vingine vyote, kwa sababu ya mabenchi yake. Nilikaa kando ya televisheni na maiki mkononi. Filamu ikisema Kichina, mimi nasema Kiswahili. Ikisema Kihindi, mimi nasema Kiswahili. Kichina sikijui hata salamu, na Kihindi najua maneno ya mapenzi tu.

Mnashangaa? Basi hapo ndipo kazi ilipo. Kwanza, itazame filamu peke yako mara moja ukiwa umezima sauti kabisa. Tazama macho, usitazame midomo. Mtu anayedanganya hutazama chini kabla hajasema, awe wa Bombei au wa Nanyamba. Pili, anza kusema kidogo kabla mwigizaji hajafungua mdomo, ili watu wadhani sauti inatoka kwake. Tatu, stelingi mpe jina la hapa hapa. Mimi nilikuwa na stelingi mmoja wa kung-fu niliyemwita Chande wa Ziwani, na nawaapia, watu wa Ziwani walikuja kwa makundi kumtazama mtoto wao akipiga watu.

Aliyenifundisha ni marehemu Bwana Shomari, mtafsiri wa enzi za kanda, mtu mwembamba mwenye sauti ya lori. Wiki yangu ya kwanza aliniachia filamu ya Kichina. Wakatokea watu wengi wamevaa nguo nyeupe tupu, wanatembea polepole, ngoma zinapigwa. Nikachangamka! Nikawatangazia watu arusi, nikamtaja bwana arusi, nikaeleza kwamba lile sanduku kubwa linalobebwa ni kabati la nguo za bibi arusi. Kisha sanduku likafunuliwa, na ndani amelala mzee mwenye ndevu. Bwana Shomari alininyang'anya maiki huku machozi ya kicheko yanamtoka, akasema, "Hamisi, watu wakivaa nyeupe, ngoja kwanza uone wanaelekea wapi." Kule kwao, kumbe, nyeupe ndiyo nguo ya msiba. Nilicheka na mimi, nikaliona kosa hilo kuwa dogo. Kosa langu kubwa lilikuwa bado linakuja, na lilitokana na tabia ile ile ya kujaza nisichokijua.

Basi sikilizeni la Nuhu.

Filamu yenyewe waliileta vijana wa parokia. Ilikuwa ya kigeni, ndefu, imejaa wanyama na mawimbi, na walitaka mtu mwenye sauti aizungushe vijijini baada ya msimu wa korosho, wakati maghala yako matupu. Mwislamu kutafsiri filamu ya kanisa hakukumshangaza mtu Mtwara. Kwetu ukoo mmoja una mashemeji wa dini mbili, na msiba ukitokea sufuria ni zile zile. Nikafunga jenereta na projekta kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, nikaenda zangu.

Kijiji cha tatu kilikuwa kando ya Ruvuma, kule chini karibu na mto unapoingia baharini, mahali ambapo nusu ya watu wana wajomba upande wa Msumbiji. Tulitundika shuka jeupe ndani ya ghala la korosho, tukafunga milango, giza likaingia ingawa nje jua lilikuwa la saa nane. Watu walijaa mpaka juu ya magunia. Lo, siku ile nilikuwa moto! Tembo akiingia safinani, namsalimia. Tumbili akichelewa, namgombeza. Watoto wanapiga kelele, wazee wanajifuta macho.

Kisha maji yakaanza kupanda. Na hapo yule mtengeneza filamu alifanya jambo ambalo sisi watafsiri tunaliogopa: aliwanyamazisha waigizaji wote. Muziki tu, na mikono ya watu inayotokeza majini, dakika baada ya dakika. Mimi kimya kilikuwa kinanitia hofu, nadhani watu watainuka waende zao. Nikaanza kuwataja wanaozama. "Huyo muuza gongo! Huyo mpiga ramli! Na yule pale mmemwona? Mvusha mtumbwi! Aliyekuwa akiwaacha abiria katikati ya mto, leo mtumbwi umemgeukia mwenyewe!" Ghala zima likaangua kicheko. Nilichagua mvushaji kwa sababu tulikuwa kando ya mto, basi, ili watu wajione kwenye picha. Mara jenereta ikakohoa, ikazima. Petroli ilikuwa imekwisha na filamu haijafika mwisho. Sikutaka kuonekana mtu wa ovyo, nikapaza sauti bila maiki: "Na ndivyo walivyokwisha wote waliochukiwa na Mungu!" Wakanipigia makofi. Nikakunja shuka, nikaondoka nimefura kichwa kama chura.

Siku tisa baadaye nilikuwa kibandani kwangu asubuhi, nasafisha deki kwa pamba na spiriti. Mama mmoja akasimama mlangoni. Alikuwa amefunga leso mbili, miguu ina vumbi hadi magotini, na hakutaka kukaa.

"Weye ndo Radi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu. Ya Kihindi inaanza saa saba."

"Sikuja kutazama. Nimekuja kuuliza. Kwenye kitabu cha Mungu, nvushaji yumo?"

Sikumwelewa. Akaniambia yeye anaitwa Rozaria. Mume wake, Anselmo, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji naye akiwa mgongoni, akakua, akawa mvushaji. Miaka mingi alivusha wagonjwa, maharusi, mbuzi na maiti. Masika yaliyopita mto ulimchukua yeye na mtumbwi wake, na mwili ulipatikana siku ya tatu kwenye mikoko. Sasa binti yao, Tereza, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi yao mtoto huyo ndiye wa kulirudisha jina la babu. Siku ya kumpa jina ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Lakini babu wa upande wa baba, Mzee Nambunda, alikuwa ghalani siku ile.

"Amekataa," Mama Rozaria akasema. "Anasema hawezi kunwita njukuu wake jina la ntu aliyezolewa na gharika kwa dhambi zake. Anasema imesemwa kwenye filamu ya dini, na wote tulisikia. Nami nilikuwepo, baba. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia. Kwetu sisi, ntu akifa na jina lake lisirudi kwa ntoto, amekufa mara mbili."

Kichupa cha spiriti kikanimwagika. Nikamwambia pole. Pole hakuitaka.

"Kama imeandikwa, niambie imeandikwa, nitanyamaza nirudi kwangu. Kama haikuandikwa, uje useme mbele ya wale wale."

Vijana wangu, kweli ilikuwa hii: sikujua. Nilikuwa nimeieleza hadithi ile vijiji vitatu, na kitabu chenyewe sikuwahi kukifungua. Nilijua Nuhu wa chuoni, niliyefundishwa nikiwa mtoto, na nilimjua Nuhu wa kwenye filamu. Huyo wa kwenye Biblia sikumjua. Nikamwambia mama yule, "Sijui, lakini nitajua kabla ya Jumapili hiyo." Akaitikia kwa kichwa, akaanza safari ya kurudi.

Nilirudi nyumbani. Zuhura alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilipomaliza kumsimulia alisimama na kifuu mkononi.

"Baba Sharifa! Wewe mtoto wa Mikindani! Mjomba wako alipokufa maji tulisema nini msibani? Si tulisema anayekufa maji twamtarajia kwa Mungu daraja ya shahidi? Wetu ni shahidi, na wa mwenzio umemfanya mwovu?"

Niliona aibu kubwa, aibu ya kutaka kujificha uvunguni. Lile neno nililijua tangu utoto, limesemwa katika kila msiba wa bahari, na siku niliposhika maiki halikunijia hata kwa mbali. Lilinijia la kuchekesha tu.

Kesho yake nikaenda kwa Padri Damiani. Padri huyu alikuwa mstaafu, amefundisha maandiko seminarini miaka mingi, anajua Kiebrania na Kigiriki, na pale pembezoni mwa mji alikuwa akifuga bata. Nikasita mlangoni, nikamwambia, "Padri, mimi ni Mwislamu." Akasema, "Najua, na Nuhu ni wetu sote. Ingia na viatu tu, bata wameshachafua."

Akaniwekea mbele Biblia ya Kiswahili, na yeye akafungua kitabu chake chenye zile herufi zinazoanzia kulia. Nikamwuliza swali la Mama Rozaria. Akasema, "Wewe ni mtu wa filamu. Isome kama filamu, uniambie unaona nini."

Nikasoma. Na hapo, vijana, nikapata raha ambayo sikuitegemea hata kidogo! La kwanza: Nuhu hasemi! Tangu anaambiwa ajenge mpaka anatoka safinani, hajatamka neno hata moja. Stelingi wa filamu nzima hana hata mstari mmoja! Nikakumbuka ile sauti ya shemeji yangu na misumari yake, nikajifunika uso. La pili lilinirusha kitini. Mahali pamoja anaambiwa achukue wanyama wawili wawili. Mbele kidogo anaambiwa wale safi achukue saba saba, dume na jike. Hapa mvua ni siku arobaini, pale maji yanatawala siku mia na hamsini. Nikarudi nyuma, nikasoma tena.

"Padri," nikasema, "hapa kuna kanda mbili zimeungwa!"

"Umejuaje?"

"Nimeunga kanda maisha yangu yote! Kanda ikikatika, unaweka seloteipu, na nyingine ya filamu ile ile unaichomeka hapo. Mtazamaji hajui, lakini mimi naona panaporuka. Hapa panaruka, na hapa, na hapa!"

Padri Damiani alivua miwani akacheka kwa kishindo, bata wakakimbia. Akaniambia kwamba wataalamu wa maandiko wamebishana juu ya jambo hilo kwa vizazi, na wengi wao wanaona hivyo hivyo: masimulizi mawili ya kale yaliyosukwa pamoja. Wapo wanaopinga, na wana sababu zao. "Ila wanafunzi wangu," akasema, "ilinichukua muhula mzima kuwaonyesha." Nilijiona nimepewa digrii! Nikamwuliza kwa nini aliyeunga hakukata zile sehemu zisizolingana, maana mimi ningekata. Akasema huenda aliziheshimu zote mbili, akaona si zake za kukata. Jibu hilo lilinigusa, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeongeza hata kisichokuwemo.

Akaniambia pia kwamba huko nchi za mashariki, kwenye tambarare ya mito mikubwa miwili, watu walikuwa wakisimulia gharika tangu zamani mno, wakaiandika kwenye vigae vya udongo. Mito ile ilifurika kama Ruvuma inavyofurika, na waliokaa kando yake walijiuliza yale yale wanayojiuliza watu wa Ruvuma. Nilikaa pale mpaka adhuhuri ikanipita kidogo, nikaswali uani, bata wananitazama.

"Na mvushaji?" nikamwuliza mwishoni.

"Umesoma mwenyewe. Yumo?"

Hakuwemo. Hakuna muuza gongo, hakuna mpiga ramli, hakuna mvushaji. Imeandikwa dunia ilijaa uovu na dhuluma, lakini hakuna aliyetajwa kazi yake wala jina lake. Kisha Padri akaniuliza, "Umefika kwenye upinde?" Nikasema nimefika. "Kwenye filamu ulifika?" Pale kijijini sikufika. Petroli iliisha kabla ya upinde. Akasema, "Basi kitabu kimekujibu juu ya Nuhu. Juu ya Anselmo nenda kaulize mtoni."

Nikaenda. Kule Ruvuma kulikuwa na dada mmoja, Neema, mpima maji wa serikali. Kazi yake ilikuwa kusoma ubao mrefu wenye mistari uliosimikwa ukingoni, asubuhi na jioni, na kuandika mto umefika wapi. Alinifungulia daftari lake penye siku aliyokufa Anselmo. Akanionyesha kwa kidole: juzi yake mto uko chini, jana yake uko chini, asubuhi ya siku ile umeanza kupanda, na jioni hapana namba, kwa sababu ubao wenyewe ulikuwa umefunikwa.

"Na mvua siku hiyo?" nikamwuliza.

"Hapa hapakuwa na mvua, mzee. Jua kali, mbingu nyeupe. Mvua ilinyesha juu huko, milima ya Songea, siku kadhaa kabla. Maji yanasafiri. Yakafika hapa saa ambayo marehemu alikuwa katikati anarudi."

"Angejuaje?"

"Asingejua. Mimi mwenyewe nilijua ubao ulipoanza kuzama, nikakimbia kupiga kelele."

Aliinama, akalifunga daftari. Alikuwa amempigia kelele Anselmo, na Anselmo hakumsikia. Kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta neno la kujaza.

Nataka niseme jambo hapa kabla sijaendelea. Leo mna programu za kwenye simu zinazoweza kuiga sauti ya mtu yeyote, hata yangu. Binti mmoja alinisikilizisha sauti yangu ikisema maneno nisiyowahi kuyasema, na nilifurahi kama mtoto, nikamwomba airudie! Sina chuki na vyombo vipya. Tulipotoka kwenye kanda kwenda kwenye sidii wazee walilia, na tulipofika kwenye flashi wakalia tena. Tumieni vyote. Chande wa Ziwani mpeni hata mabawa akitaka. Ila hadithi inayobeba imani ya watu ina wenyewe, na kabla hujaiwekea sauti isome mpaka ukurasa wake wa mwisho, na umwulize anayeijua. Mtu wa kibandani anaweza kukaa na mtu wa seminari na mtu wa kupima maji wakafundishana. Nimefanya hivyo wiki moja tu katika maisha yangu yote, na sijapata wiki tamu kuliko ile.

Jumapili ikafika. Nilifika kijijini mapema, na safari hii nilibeba petroli ya akiba kwenye dumu. Watu waliposikia Radi amerudi walijaa ghalani baada ya misa, wengine wakiwa tayari wanacheka. Mama Rozaria alikaa mbele. Pembeni yake Tereza, mtoto kifuani. Upande wa pili, kwenye kiti pekee chenye mgongo, Mzee Nambunda na fimbo yake.

Niliwaonyesha filamu ile ile. Maji yalipopanda niliizima palepale, nikawasha taa. Nikasimama mbele ya shuka.

"Wazee wangu, mama zangu," nikasema, "siku ile nilisema mvushaji yumo kwenye gharika. Nilitunga. Nilitaka mcheke. Nimekisoma kitabu, nimemwuliza Padri, hayumo. Na nimemwuliza dada Neema kuhusu mto, akanionyesha daftari. Maji yalitoka Songea, marehemu Anselmo hakuwa na kosa lolote. Mama Rozaria, nakuomba msamaha mbele ya hawa."

Minong'ono ikapita. Mzee Nambunda akagonga fimbo chini.

"La nto tunalijua," akasema. "Nto ni wetu, maji ya juu tunayajua kabla hujazaliwa. La mbinguni ndilo linalotusumbua. Juzi ulisimama hapo hapo, kwa sauti hiyo hiyo, ukasema yumo. Leo unasema hayumo. Sisi tutajuaje ni lipi ulilotunga?"

Alikuwa amenishika pabaya, na alisema kweli, kwa sababu sauti yangu ndiyo iliyoharibu na sasa nilitaka sauti ile ile iaminiwe. Nikatazama ile Biblia mkononi, niliyoazimwa na Padri. Nikaielewa kazi yangu ya siku ile.

"Msinisikilize mimi," nikasema. "Asome mwingine. Asome yote."

Watu wakatazamana. Kisha Tereza akainuka, akampa mama yake mtoto, akanyoosha mkono. Nikampa kitabu, nikaenda kukaa chini mlangoni na jenereta.

Tereza alikuwa na sauti ndogo na alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Alisoma uovu wa dunia, vipimo vya safina, wanyama wawili wawili, wanyama saba saba. Alisoma mvua. Niliona watu wanainamisha vichwa, wanamsubiri mvushaji atokee. Alisoma waliokufa. Akapita. Hakutokea. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hayumo!" na wengine wakamnyamazisha ili asome. Akasoma kunguru, akasoma njiwa na jani lake, akasoma nchi kavu. Halafu akafika mahali ambapo kijiji kile hakikuwahi kufika: Mungu anaweka upinde mawinguni na kuahidi kwamba hatawaangamiza tena viumbe wote kwa maji.

Mzee Nambunda akainua fimbo. "Rudia hapo."

Akarudia.

"Kumbe ilikuwa na mwisho," mzee akasema. Alinigeukia pale mlangoni. "Na huu hukutuonyesha."

"Petroli iliisha, mzee," nikasema. Wapo waliocheka, yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri, midomo inachezacheza.

"Ahadi hiyo Mungu aliitoa lini?" akamwuliza Tereza.

"Baada ya maji ya Nuhu, baba."

"Na baba yako kafa lini?"

"Masika yaliyopita."

Mzee akatazama fimbo yake, akatutazama sote. "Basi maji yaliyonchukua si maji yale," akasema. "Anselmo kafa ndani ya ahadi. Mimi nimenkosea." Akainuka kwa shida, akatembea hadi kwa Mama Rozaria, akampokea mjukuu wake mikononi.

Jamani! Nilitaka kuruka! Nilitaka kupiga kelele hadi Msumbiji wasikie! Watu walisimama, vigelegele vikapanda mpaka mabati yakalia, na mtu akanirushia maiki. "Radi, tangaza! Tangaza jina la ntoto!" Ghala zima likaanza kuitikia, Radi, Radi. Nami sauti ilikuwa tayari kooni, ile nzito ya stelingi anaporudi kijijini, na maneno yalikuwa yamejipanga.

Nikaenda mbele, nikamwekea Mama Rozaria maiki mkononi. Hakuwahi kuishika maishani mwake. Aliigeuza, akaitazama, akaisogeza mdomoni karibu mno, tukasikia pumzi yake ndani ya spika.

"Anselmo," akasema.

Sikuongeza neno.